Tanzia ya Korongo

Dolni Brod, 16 Novemba 2003

Shangazi Radosveta,

Shikamoo. Bibi hajambo, ila magoti. Anasema magoti yake hujua habari za theluji kabla ya redio. Mbwa Sharo hajambo, juzi kamng'ata msoma mita za maji na mtaa mzima umemletea mifupa ya shukrani. Kabichi ya majira ya baridi tumeshaitia chumvi kwenye pipa. Mimi usiniulize. Nimerefuka, sharubu zimeanza kuota, upande mmoja kwanza, na sokoni hakuna anayepanga bei ya viazi bila kunitazama usoni. Ndiyo, shule nimeiacha, najua Bibi kakuambia. Lakini uliza upande wa pili: shule nayo ilikuwa imeshaniacha zamani, tulikuwa tunaoneana haya tu.

Simu Bibi kaikata. Anasema mimi na wewe tukipigiana simu tunagombana, halafu bili inamjia yeye. "Andikianeni," kasema, "kwenye karatasi hakuna wa kumkatia mwenziwe." Basi ndiyo hii.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, ili Bibi asikie kwamba mtu mzima wa Sofia ananiomba msaada MIMI. Nimeelewa hivi. Filamu yako ya Korongo imekwisha, baada ya miaka sita ya kukopa kamera za watu. Fundi wa umeme anapanda nguzo kuhamisha kiota cha korongo, umeme unampiga, anaota mabawa, anavaa kinyago, anaokoa watu. Itaonyeshwa hapa kwetu Jumamosi tarehe 20 Machi, ukumbi wa Nyumba ya Kusomea. Na wale wasambazaji wako wamekwambia wazi: ukumbi wa mji uliokuzaa usipojaa siku hiyo, mikebe ya filamu inaingia stoo na hakuna mji mwingine utakaoiona.

Shangazi, lala usingizi. Ukumbi utajaa mpaka madirishani. Ila ruhusu nikwambie kweli: bango ulilotuma halifai. Mtu kasimama juu ya nguzo, kwenye ukungu, katugeuzia mgongo. Nimelionyesha sokoni, mmoja kaniuliza ni tangazo la dawa ya kikohozi? Tena hapa, kwenye sinema akiruka Mmarekani watu wanapiga makofi, akiruka Mbulgaria wanauliza kalewa nini. Nipe uso! Ni nani aliye nyuma ya hicho kinyago? Nikitaja jina la mtu maarufu, kazi imekwisha.

Jambo moja. Nilipofika kwenye neno "fundi wa nguzo", Bibi aliinuka akaenda kutazama kabichi. Kabichi ilikuwa salama. Unajua humu ndani habari za nguzo hazitajwi, tangu kaka yako, naye fundi wa nguzo, alipoteremka kwenye zake akashukia Ugiriki, na Mama akazikwa yeye hayupo. Mimi halinisumbui. Sura yake hata siikumbuki, na picha zake Bibi alishazitia kwenye jiko. Nakwambia tu.

Mpwa wako, na sasa mkuu wa matangazo,
Detelin

*

Sofia, 3 Desemba 2003

Detelin,

Marahaba. Mpe Bibi pole ya magoti, mwambie dawa ya kuchua nimempa dereva wa basi la Ijumaa, aende akaichukue mwenyewe asikutume wewe, maana utaiuza. Mimi sijambo. Nalala kidogo. Natembea chumbani mpaka jirani wa chini anagonga dari kwa fagio.

Bango ni baya, ni kweli. Nililichagua saa ambayo sikuwa na akili tena. Lakini nisikilize, mkuu wa matangazo. Mashujaa wa Kimarekani wanafika kwetu wakiwa wameshatangazwa: kwenye vikombe, kwenye mabegi ya shule, kwenye tambi za watoto. Sisi hatuna vikombe. Tulicho nacho ni mji ambao kila mtu anamjua mwenzake. Usiwaambie kwamba Korongo anaruka kuliko Mmarekani, watakucheka na watakuwa na haki. Waambie ni mtu wa kwetu. Wapelekee mlangoni, mtu kwa mtu. Usidanganye, usivunje kitu, usimguse kasisi.

Kuhusu uso: hapana. Kinyago hakivuliwi, si kwenye bango wala kwenye mazungumzo. Mwigizaji niliyemchukua mwanzo aliogopa kupanda hata ngazi ya kubadilishia taa, akaondoka. Akapatikana mwingine asiyeogopa urefu. Imetosha.

Kabichi msiifunike sana.

Shangazi yako

*

Dolni Brod, 11 Januari 2004

Shangazi,

Shikamoo ya mwaka mpya. Bibi hajambo, dawa ya kuchua kaipata, Sharo kailamba na sasa naye anatembea vizuri zaidi. Mimi naandika kutoka kitandani, nina homa, nimefunikwa blanketi mbili na koti la babu. Kabla hujasikia kwa wengine, heri usikie kwangu.

Uliniambia nisimguse kasisi. Sikumgusa. Yeye ndiye aliyenigusa, kwa fimbo.

Tarehe sita, siku kasisi anapotupa msalaba mtoni na vijana wanauruka kuugombea, mji mzima husimama ukingoni. Nikajiuliza, ni lini tena nitawapata wote mahali pamoja, wamenyamaza, wanatazama upande mmoja? Nikashona mabawa kwa manyoya ya bata bukini, nikavaa soksi nyekundu za Bibi ziwe miguu ya korongo, na kinyago cha gunia. Vijana wengine wamesimama na chupi zao wanatetemeka, mimi natokea juu ya paa la kibanda cha mashua. Kasisi akatupa msalaba. Nikapiga kelele, "Korongo! Tarehe ishirini Machi! Nyumba ya Kusomea!" nikaruka.

Kuruka niliruka vizuri. Tatizo manyoya ya bukini yakilowa yana uzito wa mlango. Mto ukanivuta kama una deni na mimi. Walinitoa kwa ndoano ya mashua, wameninasa suruali, nyuma, mbele ya mji wote. Msalaba aliuchukua mtoto wa fundi viatu. Kasisi akaniuliza, "Umekuja kwa msalaba au kwa biashara?" Nikamjibu, "Baba kasisi, hata msalaba leo umekuja na wauza vitumbua." Ndipo fimbo.

Sasa watoto wananiita Kuku wa Maji. Lakini jina la filamu wanalijua! Tiketi? Zimenunuliwa za kujaza benchi moja, na nusu ya benchi ni watu wanaotaka kuona kama nitaanguka tena.

Nipe uso, Shangazi. Nakuomba kwa homa yangu. Na nikuulize kingine. Barua yako ilinuka tumbaku, ile kali ya kusokota. Wewe huvuti. Una mgeni? Umeposwa? Kama umeposwa sema, tutaliweka kwenye bango.

Detelin, mgonjwa

*

Sofia, 2 Februari 2004

Detelin,

Nimechelewa kujibu, usihesabu. Nilikuwa na sauti za filamu za kurekebisha, na mengine. Umepona? Ukiruka tena mtoni nitakuja kukuzamisha mwenyewe. Mpe Bibi mikono yangu. Kesho kutwa najua ni siku gani kwenu: miaka kumi ya mama yako. Muwashie mshumaa kwa niaba yangu. Alikuwa rafiki yangu kabla hajawa wifi yangu.

Sijaposwa.

Msambazaji alinipigia jana. Atakuja mtu wao kutoka Vratsa kuhesabu vichwa ukumbini. Aliniambia kwa upole, na upole huo ndio ulioninyima usingizi.

Nimekutumia picha tatu. Mbili ni za kubandika. Ya tatu, ile ambayo kinyago kimeinuliwa kidogo na anacheka, si ya kubandika. Si ya bango, si ya sokoni. Ni yako. Iweke ndani ya kitabu. Kama huna kitabu, nunua.

Usiniulize kwa nini.

R.

*

Dolni Brod, 24 Februari 2004, asubuhi

Shangazi mpenzi, Shangazi wa filamu, Shangazi utakayenijengea sanamu!

Shikamoo. Bibi hajambo, Sharo hajambo, na mimi ndiye kichwa kikubwa kuliko vyote kaskazini ya Balkani. Kaa chini kwanza.

Siku ya Mama nilibandika tanzia yake, karatasi ya kumkumbuka yenye picha, kama kila mwaka: mlangoni petu, nguzo ya duka la mikate, lango la kanisa, kituo cha basi. Gundi mkononi, nimesimama. Nikawatazama watu. Bango la filamu mtu analipita kama alivyolipita la uchaguzi. Lakini tanzia! Hakuna anayeipita. Mwenye haraka anasimama, mlevi anasimama, Bi Gergina jirani yetu huzisoma zote mjini kabla hajanywa kahawa, maana hataki kumuuliza mtu hali ya mumewe kumbe mume ameshakufa. Nikasema, Detelin, umepata gazeti linalosomwa na mji mzima bure.

Nikaenda kwa mama yule wa kuchapa tanzia, nikampa maneno. Akanikazia macho, akachapa. Ukingo mweusi, kila kitu kama inavyotakiwa:

"Kwa huzuni isiyo na mwisho tunawatangazia kwamba KORONGO, fundi wa nguzo za umeme, mtu wa kwetu, ametutoka ghafla. Kuagwa ni Jumamosi tarehe 20 Machi, saa moja jioni, Nyumba ya Kusomea. Waombolezaji waje na tiketi."

"Mtu wa kwetu", umeona? Nimekusikiliza. Na tanzia bila picha si tanzia. Zile mbili zako ni za mgongo na za ukungu. Kwa hiyo nilitumia ya tatu. Usifoke! Macho yamefunikwa na kinyago bado, ni mdomo tu na kidevu chenye kovu. Ulisema ni yangu, nami changu nakitumia. Nimebandika zote alfajiri. Sasa hivi nikichungulia dirishani, kwenye nguzo ya duka la mikate wamejaa kama nyuki. Jina langu litaandikwa!

Naacha hapa, mtu anagonga mlango. Pengine ni wa tiketi.

Jioni

Shangazi, sijui nianzie wapi.

Aliyegonga alikuwa Bi Gergina. Ana bakuli la ngano ya kuchemsha, ile ya wafu, imenyunyizwa sukari, na mshumaa. Nyuma yake wanawake wengine, wote kitambaa cheusi. Bibi alikuwa uani anapanga kuni.

"Tsona, dada yangu," akasema Bi Gergina akimfuata Bibi palepale, "pole. Mungu amsamehe Velizar."

"Velizar gani?" Bibi akasema.

"Velizar wako. Yuko kwenye nguzo ya duka la mikate. Macho wamemficha, sijui ni mtindo gani siku hizi, lakini kidevu kile nilikipaka iodini mimi, siku alipoanguka kutoka kwenye mti wako, ule mcheri. Anacheka vilevile, mdomo upande."

Wewe unamjua Bibi. Miaka kumi anasema, "Kwangu yule alikufa siku tuliyomzika mkwe wangu." Akitajwa anatoka chumbani. Leo aliketi juu ya kuni kama mtu aliyekatwa miguu. Alishika bakuli, akala punje moja ya ngano, halafu ndipo sauti ikatoka, na sitaki kuiandika ilivyokuwa. "Mwanangu, sikukwambia. Mwanangu, sikukwambia." Hivyo tu, tena na tena.

Nikapenya katikati. "Bibi, si kweli! Ni matangazo! Ni mimi nimebandika! Ni sinema!"

Akanipiga kofi. Kabla sijashika shavu akanishika yeye, kola ya shati, akanivuta mpaka pua kwa pua.

"Kwa hiyo yu hai?"

Mimi, niliye na jibu la kila kitu, nikatazama kuni. Wanawake wote wakanitazama.

Nimeitoa ile picha. Nimeiweka kando ya kioo cha kunyolea, nikajitazama mimi, nikaitazama yenyewe. Kovu sina. Mengine yote ninayo.

Shangazi, ni nani?

D.

*

Sofia, 1 Machi 2004

Detelin mwanangu,

Ndani ya bahasha kuna nyuzi za Machi, nyekundu na nyeupe, nimezisokota mwenyewe: ya Bibi, yako, na moja ya Sharo kwenye ukosi. Vaeni mpaka mwone korongo wa kwanza, kama kawaida. Afya na heri.

Ni yeye.

Yu hai, ana afya, anavuta tumbaku chumbani kwangu mpaka mapazia yamekuwa ya manjano. Nilimpata miaka miwili iliyopita hapa Sofia. Nilipita chini ya jengo refu, kuna mtu ananing'inia kwa kamba ghorofa ya tisa, anabandika bango la filamu ya Kimarekani. Alikuwa anagundisha jicho la shujaa, jicho kubwa kuliko mlango. Miguu yake ilikaa ukutani kama yuko kwenye kochi. Nikamjua kwa miguu. Nikaita kutoka barabarani, "Velizar!" Akaangusha brashi.

Sikumchukua kwa huruma. Nilihitaji mtu asiyeogopa urefu, na yeye ardhini ndiko anakoogopa. Mwanzo aliruka tu badala ya yule mwigizaji. Kisha mwigizaji akaondoka, naye akabaki ndani ya kinyago.

Kwa nini hakuja siku ya mazishi, ataulizwa yeye. Nijualo ni kwamba hakuwa na karatasi za kuvukia mpaka, na habari zilimfikia msiba umeshapita. Baada ya hapo kila mwezi aliochelewa uliufanya unaofuata kuwa mgumu zaidi. Aliniapisha nisiseme. Alisema, "Wacha wamwone Korongo kwanza. Mji ukikaa mpaka mwisho bila kujua ni mimi, nitajua naweza kupita mtaani." Ndiyo maana nilikataa uso. Ndiyo maana nilikutumia picha, kwa sababu sikuweza kukataa yote.

Sasa mnajua, na yeye anajua kwamba mnajua. Nilimsomea barua yako, pale pa ngano. Alitoka nje. Aliporudi alikuwa na tiketi ya basi la Thesaloniki, la kurudi Ugiriki, tarehe 20, siku ileile.

Sijui nimwambie nini. Wewe ndiye mwenye maneno. Niambie.

Shangazi yako

*

Dolni Brod, 9 Machi 2004

Radosveta,

Salamu leo hakuna.

Miaka miwili! Mimi nimeruka mtoni na soksi za Bibi, nimenaswa suruali kwa ndoano, kumbe anakaa kwenye kochi lako anasoma barua zangu na kucheka. Alicheka, sivyo? Barua zangu zinachekesha, najua. Zilikuwa zako.

Habari za kazi, kwa kuwa mimi ni mtu wa kazi. Bibi alichukua kisu cha kumenyea akazunguka mji akakwangua tanzia zote, moja moja, nguzo kwa nguzo, na yale magoti. Nilimfuata nimsaidie, akaninyima kisu. Alipofika ile ya duka la mikate hakuikwangua. Aliilowesha kwa maji ya chupa, akaibandua nzima, akaikunja akaitia kifuani. Nikajifanya natazama mikate.

Sasa mji wote unauliza, Velizar amekufa au hajafa? Hakuna anayejibu, kwa sababu Bibi hajibu, nami nimefundishwa na nyinyi wawili jinsi ya kunyamaza. Matokeo: tiketi zimekwisha. Zote. Watu wanataka viti vya kusimama, vya dirishani, mmoja kaniuliza kama jikoni kuna tundu la kuchungulia. Hawaji kwa ajili ya filamu. Wanakuja kuhakikisha kama mtu yu hai. Ukumbi umejaa, Shangazi. Nimeshinda. Sijawahi kushinda kitu kikaninyima raha namna hii.

Bibi anasema haendi. "Siendi kutazama maiti ikiruka."

Umeniuliza umwambie nini. Mwambie hivi: kiti cha mwisho, mstari wa nyuma, karibu na mlango, nimekiwekea karatasi ISIKALIWE. Kiko karibu na mlango ili akitaka kukimbia isiwe mbali, maana huo ndio utaalamu wake. Usimwambie kwamba nimesema aje. Sijasema.

Uzi nimeuvaa. Ni kwa sababu ya baridi.

Detelin

*

Sofia, 15 Machi 2004

Detelin,

Nimemsomea. Hakucheka, wala zile nyingine hakuzicheka unavyodhani; ile ya mto aliomba niirudie pale walipokutoa tu.

Amefungasha begi, lakini hata mtu wa kuja kwenu hufungasha begi. Mimi napanda basi la Jumamosi asubuhi kupitia mlimani. Nimemwambia saa. Machi, mwezi tunaouita bibi mkali, ana hasira: redio inasema theluji.

Mnunulie Bibi tiketi hata kama haji.

R.

*

Dolni Brod, 21 Machi 2004

Shangazi yangu Radosveta,

Shikamoo huko ulikonaswa na theluji. Wanasema njia ya mlimani itafunguliwa kesho, naandika ili dereva wa lori la maziwa akuletee, usije ukafa kwa kutojua.

Filamu yako imeonyeshwa. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani, kama nilivyokuahidi Novemba, tafadhali likumbukwe. Jiko la kuni lilitoa moshi, jenereta ilikohoa mara moja, basi. Mtu wa Vratsa alikaa mbele na kalamu yake anahesabu vichwa. Mwanzoni watu walicheka pasipochekesha, wakaguna, wakatafuna mbegu za alizeti. Alipotokea na kinyago nikasikia mia moja wanavuta pumzi. "Ndiye?" "Siye." "Tazama kidevu!" Halafu akapanda ile nguzo, Shangazi. Polepole, bila ngazi, miguu imekaa kama yuko kwenye kochi. Hakuna aliyeuliza kalewa nini. Mtu wa Vratsa akaacha kuhesabu.

Bibi aliingia katikati, taa zimezimwa, amevaa koti la kanisani. Alisimama ukutani, akakataa kiti. Bi Gergina akamnong'oneza, "Tsona, kaa." "Nimekuja kuangalia kama jiko halijaunguza watu," akasema.

Kile kiti changu kilikuwa kitupu. Nilikitazama kuliko nilivyoitazama filamu, nisamehe, nitaiona tena. Korongo anaokoa treni, kiti kitupu. Korongo anaanguka, kiti kitupu. Nikajiambia, Thesaloniki, safari njema. Nikaenda kuitoa ile karatasi ili kizee mmoja akae. Mkono wangu uko kwenye karatasi, mlango ukafunguka, baridi ikaingia na mtu mwenye theluji mpaka kiunoni.

"Hiki ni cha nani?" akauliza.

"Kimewekwa," nikasema.

"Na nani?"

"Na mkuu wa matangazo."

Akakaa. Ananuka tumbaku ileile. Alinieleza baadaye: alikuacha kwenye hoteli ya mlimani na abiria wengine, akafuata nguzo za umeme mpaka kijiji cha bondeni, maana nguzo, anasema, hazipotei kwenye theluji, huko akadandia lori. Wakati ule tulitazama mwisho wa filamu mimi nimesimama, yeye amekaa, hatukutazamana.

Taa zikawaka. Watu wakageuka kutafuta makoti, na Bi Gergina, ambaye Mungu hakumpa kizuizi mdomoni, akanyoosha kidole. "Huyo hapo, maiti!"

Yeye akainuka. Nikaona jicho lake linapima mlango. Ulikuwa karibu, mimi mwenyewe nilikuwa nimeupima. Mguu mmoja ukaenda. Nami, sijui kwa nini, nikasimama mlangoni. Sikumzuia. Nilisimama tu, mahali ambapo mlango upo.

Bibi akaja kutoka ukutani. Watu wakampisha. Alifika mbele yake, anamfikia kifuani. Tulingoja kofi, mimi hasa, nimelionja. Akakunja mkono wa koti, akaanza kufungua uzi wake wa Machi, fundo limekaza, akalivuta kwa meno. Halafu akaushika mkono wa mwanawe akamfunga ule uzi, fundo mbili, kama afungavyo kwenye mcheri wetu kila mwaka korongo wakirudi.

"Umekonda," akamwambia.

Ni hilo tu. Mpaka sasa ninapoandika hajaongeza neno jingine kwake, ila "kula" na "funga mlango".

Lakini ukumbi ulikuwa umeshaona. Bi Gergina akafuata, analia na kumtukana pamoja, akamfunga wake kwenye kifungo cha koti. Halafu muuza mikate. Halafu yule mtoto wa fundi viatu aliyenipokonya msalaba. Hata kasisi. Wakapanga mstari kama wa kuchukua mkate uliobarikiwa, na yeye kasimama, mikono mbali na mwili, anaogopa kusogea asije akakata uzi wa mtu, mpaka akawa mwekundu na mweupe kama mplamu uliochanua Aprili. Mtu wa Vratsa hakuwa na uzi. Alimwomba Bi Gergina amkatie uzi kwenye kitambaa chake. Akaniambia filamu inakwenda Vratsa, Vidin na Pleven, na akataka kujua nani alibuni matangazo. Nikamwambia. Kwa unyenyekevu, robo saa nzima.

Mimi uzi wangu bado ninao mkononi. Mimi si wa kumfungia mtu uzi kwa sababu ya filamu moja. Korongo halisi hawajafika, theluji bado ipo, tutaona. Asubuhi hii amepanda nguzo ya kona yetu kunyoosha lile duara la chuma la kubebea kiota cha korongo, lililopinda. Hakuna aliyemwomba. Bibi yuko chini anapiga kelele zisizo na jina la mtu, anaiambia nguzo, "Shuka, utaanguka!" Mimi namshikia sanduku la vifaa. Amenionyesha spana ipi ni ya nati ipi, nikamwambia nilikuwa najua. Sikuwa najua.

Njoo haraka njia ikifunguka, kabichi ya mwisho tumekuwekea. Bibi anakusalimu. Bi Gergina anakusalimu na anauliza kama kuna filamu ya pili, maana ana kaka yake Uhispania. Sharo anakusalimu, uzi wake kaula.

Baba anakusalimu.

Detelin